Apu ina leseni ya mdhibiti wa masoko ya mitaji, hiyo leseni inakukinga na nini hasa? (Uzi mrefu)

Mtunza Daftari:

Wakuu salaam. Kila wiki humu mtu anauliza apu fulani ya kununulia hisa ni salama au ni matapeli, na jibu la kwanza siku zote ni "angalia kama imesajiliwa", watu wanagonga laiki mada inaishia hapo. Mimi kazi yangu ni ukaguzi, nashinda kwenye vitabu vya madalali mwaka mzima, na nasema hilo jibu ni nusu tu. Leseni lazima iwepo, isipokuwepo kimbia, hapo sina ubishi. Ila ikishakuwepo watu wanaamini mdhibiti ameikagua bidhaa akaona inafaa, wakati mwenyewe hajasema hivo hata siku moja.

Chukua Marekani, maana nchi nyingi zimeiga kutoka kwao. Prospektasi, ile hati ya kuuzia hisa mpya, kwenye jalada lake lazima iandikwe kwamba tume ya SEC, mdhibiti wao wa masoko ya mitaji, haijaidhinisha wala kuikataa hisa hii na anayekuambia vingine anatenda kosa la jinai. Yani mdhibiti anamlazimisha muuzaji akuambie mapema kwamba "huyu mkubwa hajasema hii kitu ni nzuri". Msingi wake ni sheria ya 1933, baada ya soko kuanguka 1929. Kabla ya hapo jimbo la Kansas mwaka 1911 lilishajaribu njia nyingine, ofisa wa serikali anaangalia mpango wako wa biashara, akiona unawaumiza wanunuzi anakunyima ruhusa ya kuuza. Bunge la Marekani 1933 likaenda njia tofauti, muuzaji aseme kila kitu, akificha ashitakiwe, mnunuzi aamue mwenyewe hata kama anaamua ujinga.

Kwaiyo mdhibiti anafanya nini? Kwa ninavyoona mimi kazi yake iliyookoa pesa nyingi za watu kuliko zote ni ile ambayo haina mvuto kabisa: pesa ya mteja ikae mbali na pesa ya dalali, na awepo mtu wa tatu anayeweza kuthibitisha kwamba kweli ipo. Mengine yote, ubunifu, kripto, akili bandia, yanakuja juu ya hapo. Nitaeleza kwa mifano, ila anzeni kunipinga kwanza.

Kichwa Ngumu:

Mkuu mimi naanza. Hawa wadhibiti kazi yao ni kuchelewesha watu tu. Maombi ya kwanza ya ETF ya bitikoini, ule mfuko wa uwekezaji unaouzwa sokoni kama hisa, pale Marekani yalipelekwa 2013, wakaja kuruhusu Januari 2024. Miaka kumi na! Na hata hapo hawakuruhusu kwa hiari yao, mahakama ndo iliwabana Agosti 2023 kwenye kesi ya kampuni ya Grayscale, majaji wakawaambia mbona mlishakubali ETF ya mikataba ya bei ya baadae ya hiyo hiyo bitikoini alafu hii ya bitikoini yenyewe mnakataa, sababu yenu iko wapi. Sasa huyo ndo wa kunilinda mimi?

Mtunza Daftari:

Hapo umenipiga na sina la kubisha. Ile kesi walishindwa kihalali. Na aibu yao haikuishia hapo, tarehe 9 Januari 2024, siku moja kabla ya kutangaza, akaunti ya SEC kule X ilidukuliwa, mdukuzi akatangaza kwa niaba yao kwamba ETF zimekubaliwa, bei ikaruka. Kumbe walikuwa wameizima ile hatua ya pili ya kuthibitisha mtu anayeingia. Hao hao wanaowapiga faini madalali kwa ulinzi mbovu wa mifumo. Nilicheka sana.

Ila tuangalie upande wa pili. Watu wanasema sheria za zamani haziwezi kushika teknolojia mpya, na mara nyingi si kweli, kwa sababu sheria nzuri ya dhamana haitazami kifaa, inatazama nani katoa pesa na nani anaifanyia kazi. Kesi maarufu ni ya 1946, kampuni ya Howey pale Florida ilikuwa inauza vipande vya shamba la michungwa. Wanunuzi wengi walikuwa wageni wa hoteli iliyokuwa jirani, watu wa majimbo mengine ambao hawajui hata kupogoa mchungwa. Unanunua kipande, alafu unasaini mkataba wa huduma kampuni ikulimie, ivune, iuze, wewe usubiri mgao. Kampuni ikasema sisi tunauza ardhi tu. Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hapana, watu wametoa pesa, kwenye mradi wa pamoja, wakitegemea faida, na faida inatokana na jasho la mtu mwingine, huo ni mkataba wa uwekezaji na ulitakiwa kusajiliwa.

Sasa ruka hadi Julai 2017. Kuna kitu cha mwaka uliotangulia kiliitwa The DAO, watu wanatoa etha, sarafu ya kripto, wanapewa tokeni, hakuna ofisi, hakuna mkurugenzi, eti kila kitu ni programu. SEC wakachukua vile vipimo vya michungwa wakaviweka pale vikakaa. Hawakuhitaji sheria mpya. Unaweza kupinga walivyovitumia baadae kwa kila tokeni inayopita, hata mimi napinga baadhi, ila hoja kwamba vipimo vya 1946 haviwezi kuona kitu cha 2016 imekufa pale.

Mgeni Jukwaani:

Naomba kuuliza wakubwa, kuna kampuni zinatangaza kwamba zipo kwenye "sandiboksi" ya mdhibiti. Hiyo ina maana zimekaguliwa zaidi kuliko zingine au?

Mtunza Daftari:

Swali zuri sana ndugu, na ni kinyume chake karibu. Sandiboksi ni uwanja wa majaribio. FCA, mdhibiti wa fedha wa Uingereza, ndo waliitangaza sana, kundi la kwanza la kampuni lilianza 2016, wengine wakaiga, mimi nilishaacha kuwahesabu. Kampuni inaruhusiwa kujaribu wazo jipya kwa wateja wa kweli lakini wachache, kwa muda maalumu, na masharti ya kuwalinda hao wateja yanaandikwa kabla. Mdhibiti anakaa karibu anaangalia inavyofanya kazi na yeye anajifunza, na hapo ndo faida kubwa ilipo kwa maoni yangu, mdhibiti anajifunza kabla ya mambo kuharibika badala ya kujifunza kwenye ripoti ya msiba.

Lakini wewe mteja wa sandiboksi ni mtu wa majaribio. Kampuni ikikutangazia kana kwamba ni cheti cha ubora, inakudanganya au haielewi ilipo. Uliza vitu vitatu tu: jaribio linaisha lini, likiisha vibaya pesa yangu inarudije, na nani analipa nikidhurika. Jibu lazima liwepo kwa maandishi maana wasingeruhusiwa kuanza bila hilo.

Fundi Seva:

Mimi ni mtu wa mifumo, sio wa fedha, ila naomba nichangie upande wangu maana humu watu wanaongelea utapeli tu wakati hasara nyingine inaletwa na uzembe wa kawaida kabisa. Someni amri ya SEC kuhusu Knight Capital, dalali wa Marekani, mimi nawapa vijana wote wanaoanza kazi kwangu waisome.

Tarehe 1 Agosti 2012. Knight walikuwa wanaandaa programu mpya ya kutuma oda, inatakiwa iwekwe kwenye seva nane. Fundi kaweka kwenye saba, ya nane kaisahau, na hakuna mtu wa pili aliyepitia. Kwenye ile seva ya nane kulikuwa na kipande cha programu ya zamani kinaitwa Power Peg, walishaacha kukitumia tangu 2003 lakini hawakukifuta. Sasa programu mpya ikatumia alama ile ile ambayo zamani ilikuwa inakiamsha Power Peg. Soko likafunguliwa saa tatu na nusu asubuhi, ile seva moja ikaanza kumwaga oda bila kujua kwamba zimeshatimizwa, inanunua tu inauza tu. Walikuwa na oda 212 za wateja za kutimiza, mfumo ukafanya miamala milioni 4 kwenye hisa za kampuni 154, ndani ya dakika 45. Hasara zaidi ya dola milioni 460.

Kuna mawili hapo yananiuma kama fundi. La kwanza, kabla soko halijafunguliwa mfumo wao wenyewe ulituma imeili 97 kwa wafanyakazi, kila moja imetaja kosa la Power Peg. Tisini na saba! Hakuna aliyeshtuka kwa sababu hizo imeili hazikuwekwa ziwe tahadhari, zilikuwa zile ambazo mtu anazipita tu asubuhi. La pili, walipoona moto wakafikiri programu mpya ndo mbovu, wakaitoa kwenye zile seva saba zilizokuwa nzima. Si ndo nazo zikaamka na Power Peg, tatizo likazidi.

Mtunza Daftari:

Fundi umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Niongezee upande wa kanuni hapo. Tarehe 6 Mei 2010 soko la Marekani lilidondoka ghafla, Dow, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa, ikashuka karibu pointi 1,000 na kurudi sehemu kubwa ndani ya dakika chache tu, watu hawajui kimetokea nini. Novemba mwaka huo huo SEC wakapitisha kanuni kwamba dalali mwenye mlango wa kuingilia sokoni lazima awe na vizuizi vinavyoikagua oda KABLA haijatoka, kiwango cha mtaji, ukubwa wa oda, oda zinazojirudia. Na vizuizi viwe mikononi mwa dalali mwenyewe, sio kwa mteja mwenye algoridhimu yake. Knight ndo walikuwa wa kwanza kuadhibiwa kwa kanuni hiyo, faini dola milioni 12 mwaka 2013.

Sasa Kichwa Ngumu angalia, hawakumwambia mtu yeyote asitumie algoridhimu. Hawakukagua hata mstari mmoja wa programu. Walichosema ni weka geti mbele ya mashine yako na mtu mwenye jina awajibike na hilo geti. Kwa mtazamo wangu ubunifu unasimamiwa vizuri namna hii kuliko kumfanya mdhibiti awe mhandisi.

Kichwa Ngumu:

Sawa, hiyo ni hasara ya kampuni yenyewe lakini. Mwekezaji mdogo alipoteza nini pale? Faini yenyewe inaenda serikalini.

Dada Chati:

Kaka Kichwa Ngumu basi nikuletee za mwekezaji mdogo, maana huko ndo niliko mimi, nafundisha watu wanaoanza na kila darasa nakuta wale wale.

Mwaka 2018 ESMA, mamlaka ya masoko ya Ulaya, walikaa wakakusanya takwimu kutoka kwa wadhibiti wa nchi zao kuhusu CFD, zile biashara za kubashiri bei kwa levereji, yani unabashiri kwa kiasi kikubwa kuliko pesa uliyoweka. Wakakuta akaunti za watu wa kawaida kati ya asilimia 74 na 89 zinapoteza pesa. Walichofanya ni kitu kimoja nakipenda mno: kila kampuni ikalazimishwa kuandika kwenye tangazo lake asilimia YAKE YENYEWE ya wateja wanaopoteza. Sio "biashara hii ina hatari" ambayo hakuna anayeisoma, ni namba, na ni ya kwako wewe muuzaji. Mpaka leo ukifungua tovuti za hao jamaa wanaohudumia Ulaya unaikuta pale chini ya picha ya kijana anacheka kwenye boti. Pamoja na hilo wakaweka ukomo wa levereji, 30 kwa 1 kwenye sarafu kubwa hadi 2 kwa 1 kwenye kripto, wakakataza bonasi za kukuvuta ufungue akaunti, na wakasema mteja hawezi kudaiwa zaidi ya alichoweka. Zile opsheni za ndio-au-hapana, unabashiri tu bei itafika au haitafika, wakazipiga marufuku kabisa kwa watu wa kawaida.

Na matokeo? Kampuni nyingi zikahamishia wateja kwenye matawi yao ya nchi za visiwa vya mbali ambako levereji ni 500 kwa 1. Unafungua akaunti ukidhani uko chini ya mdhibiti mkali kwa sababu nembo yake iko kwenye tovuti, kumbe mkataba uliobofya "nakubali" ni wa kampuni nyingine yenye jina linalofanana. Hili naliona kila mara kwa wanafunzi wangu. Angalieni jina la kampuni kwenye MKATABA, kisha namba ya leseni mkaitafute nyie wenyewe kwenye rejista ya mdhibiti, msibofye linki waliyowapa wao.

Mgeni Jukwaani:

Duh dada hapo kwenye mkataba umenigusa, ngoja nikaangalie wangu sasa hivi.

Dada Chati:

Kaangalie ndugu yangu. Na sio Ulaya tu, India mdhibiti wao SEBI alitoa utafiti Septemba 2024, watu binafsi zaidi ya milioni 10 waliofanya biashara ya mikataba ya bei ya baadae na opsheni (haki ya kununua au kuuza kwa bei iliyopangwa) kuanzia mwaka wa fedha 2022 mpaka 2024, asilimia 93 walipoteza, wastani wa rupia laki 2 kila mtu ukijumlisha gharama. Laki mbili kwa watu ambao wengi wao si matajiri! Oktoba wakaongeza ukubwa wa chini wa mkataba na kupunguza ile mikataba ya kuisha kila wiki ibaki mmoja kwa kila soko. Kuna waliolalamika kwamba mdogo anafungiwa mlango mkubwa anaachiwa. Nawaelewa, ila ukiwa na namba ya 93 mezani unakaa kimya vipi?

Alafu kuna ile ya roboti za Robinhood, apu ya Marekani ya kununulia hisa. FINRA, ambacho ni chombo cha madalali wa Marekani kujisimamia wenyewe chini ya SEC, Juni 2021 waliwapiga faini dola milioni 57 na kuwaamuru walipe wateja karibu milioni 12.6 na riba juu. Mojawapo ya makosa ni kwamba roboti ndo ilikuwa inaamua nani aruhusiwe kufanya opsheni. Mteja mwenye umri chini ya miaka 21 anajaza kwamba ana uzoefu wa opsheni zaidi ya miaka mitatu. Piga hesabu. Maana yake alianza akiwa mtoto ambaye haruhusiwi hata kuwa na akaunti. Roboti inasema karibu sana, umekubaliwa. Pia apu ilikuwa inaonyesha salio za uongo, mtu anaona anadaiwa mara mbili ya anachodaiwa kweli. Msidharau hilo, kuna watu waliumia vibaya sana.

Mtunza Daftari:

Dada ahsante. Niseme moja kwenye hiyo ya Robinhood maana ni mfano wa ubunifu mzuri uliobeba kitu ndani. Kununua hisa bila komisheni ni jambo zuri, limeingiza watu wengi sokoni na madalali wakubwa wote wakafuata. Ila bure haipo, walikuwa wanauza oda za wateja kwa kampuni kubwa za biashara zinazozitimiza. Hiyo yenyewe Marekani inaruhusiwa ukiiweka wazi. SEC Desemba 2020 wakawapiga faini dola milioni 65 kwa sababu waliificha kwenye maelezo yao kwa wateja, na kwa sababu bei wateja walizopata zilikuwa mbovu kiasi kwamba hata ukitoa komisheni waliyookoa, bado walipoteza zaidi ya dola milioni 34. Uingereza wao walishaona hilo dili lina mgongano wa maslahi wakalikataza kabla.

Sasa turudi kwenye hoja niliyoanza nayo, pesa iko wapi na nani anathibitisha. Mnamjua Madoff, dalali wa Marekani aliyewatapeli wateja wake. Mtu mwenye leseni ya udalali tangu 1960, amewahi kuwa mwenyekiti wa soko la hisa la Nasdaq, huwezi kupata mtu aliyesajiliwa zaidi ya huyo. SEC walipokea malalamiko ya maana sita kati ya 1992 na 2008. Walienda kwake, wakakagua, wakaondoka. Mwaka 2006 walimuuliza namba ya akaunti yake kule DTC, hifadhi kuu ambako hisa zote zinaandikishwa, akawapa. Mwenyewe alikuja kusema baadae kwamba siku ile alijua yamekwisha, maana wakipiga simu moja tu pale DTC wataambiwa hizo hisa hazipo. Hawakupiga. Akaendelea miaka miwili mingine mpaka akakamatwa Desemba 2008 baada ya kukiri mwenyewe kwa wanawe. Akaunti za wateja zilikuwa zinaonyesha karibu dola bilioni 65 ambazo sehemu kubwa ni karatasi tu alizochapa yeye.

Mimi kwenye kazi yangu simwamini mtu kwa sababu ya hiyo simu. Mteja akinipa taarifa ya benki aliyoichapa yeye naiweka pembeni kwa heshima zote, alafu naiomba benki yenyewe initumie. Wanachukia, wananiambia mkuu hutuamini? Nawajibu hapana, ndio kazi.

Kichwa Ngumu:

Haya, hapo umejijibu mwenyewe. Leseni ilikuwepo, ukaguzi ulikuwepo, watu wakaliwa. Kwa nini nisiende zangu kwenye kripto ambako naiona pesa yangu kwenye mnyororo (blokcheni, daftari la wazi la miamala) bila mtu wa kati?

Mtunza Daftari:

Ukiitunza mwenyewe kwa funguo zako, sawa, huo ni uhuru wako na hatari yako. Ila wengi hawafanyi hivo, wanaiacha kwenye soko la kripto, na hapo mtu wa kati amerudi bila geti. FTX Novemba 2022 ndo picha yenyewe, pesa za wateja zilikuwa zinaenda Alameda, kampuni dada, upungufu ukafika mabilioni ya dola, mwenye nayo akafungwa miaka 25.

Lakini kuna kipande cha FTX hakiongelewi vya kutosha. Japani. Kule walishaumizwa na soko la kripto la Mt. Gox 2014, wakaumizwa tena na jingine, Coincheck, 2018, kwaiyo mdhibiti wao alishaweka sheria kwamba soko la kripto lazima litenganishe mali za wateja na za kampuni, na sehemu kubwa ikae kwenye pochi ambayo haijaunganishwa na mtandao. FTX Japan ilikuwa tawi la kampuni ile ile, chini ya bosi yule yule. Februari 2023, miezi mitatu tu baada ya anguko, wateja wa Japani wakaanza kutoa pesa zao. Wengi wa kwingine wakabaki kwenye foleni ya mahakama ya ufilisi. Nembo moja, apu karibu moja, tofauti ni kanuni moja isiyo na mvuto ya kutenganisha. Sina mfano mwingine mzuri kushinda huo.

Mgeni Jukwaani:

Nimerudi. Dada Chati ulikuwa sahihi, mkataba wangu ni wa kampuni nyingine kabisa sio ile iliyoko kwenye tangazo. Nimetoa nilichokuwa nacho, kwa bahati kimetoka. Swali langu la mwisho, ile mifuko ya fidia inayotangazwa, kwamba umelindwa hadi dola laki 5, inalipa nikipata hasara?

Dada Chati:

Afadhali kimetoka ndugu. Hapana, hailipi hasara ya soko. Hiyo ni SIPC ya Marekani, inaingia pale dalali anapofilisika na mali za wateja hazionekani, ukomo dola 500,000 na ndani yake pesa taslimu isizidi 250,000. Hisa uliyonunua ikishuka asilimia 90 hiyo ni yako. Kila nchi ina utaratibu wake, zingine hazina kabisa, na ukomo unatofautiana, soma wa kwako.

Fundi Seva:

Mimi nilitaka kuuliza kuhusu lile sakata la hisa za GameStop, kampuni ya Marekani ya maduka ya gemu, Januari 2021 watu walizuiwa kununua lakini wakaruhusiwa kuuza, wengi mpaka leo wanaamini ilikuwa njama ya matajiri. Kiufundi nilivyoelewa ni dhamana.

Mtunza Daftari:

Uko sawa. Ukinunua hisa leo, makabidhiano yalikuwa yanachukua siku mbili za kazi, na katikati hapo dalali anaweka dhamana kwenye taasisi inayokamilisha miamala ili ikitokea ameanguka mwenzie asiumie. Hisa ikirukaruka na wateja wako wote wako upande mmoja, dhamana inapanda. Alfajiri ya tarehe 28 Januari Robinhood waliambiwa walete karibu dola bilioni 3, baadae ikapunguzwa, hawakuwa nazo, wakafunga kitufe cha kununua. Uchunguzi ukaja, na moja ya vitu vilivyobadilika ni siku zenyewe, tangu tarehe 28 Mei 2024 Marekani makabidhiano ni siku moja. India walishafika huko Januari 2023. Muda ukipungua, dhamana inayotakiwa inapungua. Kilichonikera mimi ni kwamba dalali hakuwaambia wateja mapema kwamba hilo linaweza kutokea, watu wakajaza pengo kwa hadithi.

Kichwa Ngumu:

Nakubali ya Japani imenikalisha kidogo, ya ETF sijasamehe. Mnaonaje hii ya akili bandia? Naona kila apu sa hivi "inaendeshwa na AI".

Dada Chati:

Nyingine ni maneno matupu kaka. Machi 2024 SEC waliadhibu washauri wawili wa uwekezaji, Delphia na Global Predictions, faini jumla dola 400,000, walitangaza wanatumia AI kwa namna ambayo hawakuwa wanaitumia. Mwezi huo huo FINRA wakampiga M1 Finance dola 850,000 kwa sababu ya watu wa mitandaoni waliolipwa kuitangaza, machapisho yao yalikuwa yanazidisha chumvi na kampuni haikuyapitia. Hapo ujumbe kwa madalali ulikuwa rahisi: ukimlipa mtu akusemee, maneno yake ni yako.

Fundi Seva:

Na ile ambayo AI yenyewe inaweka oda? Mteja anaiambia tu "nitunzie hizi pesa" inaenda. Ikikosea namlaumu nani, aliyeiunda, mteja, au dalali?

Mtunza Daftari:

FINRA Juni 2024 walitoa waraka wa kuwakumbusha madalali kwamba kanuni zao haziangalii teknolojia, ziwe za usimamizi, mawasiliano na wateja, au utunzaji wa kumbukumbu, zinabaki zile zile hata kazi ikifanywa na AI. Na oda ikifika kwenye mlango wa soko, ile kanuni ya 2010 haiulizi imeandikwa na nani, inauliza geti ni la nani. Kwaiyo mbele ya mdhibiti ni dalali. Mteja na aliyeunda watamalizana mahakamani kwa mkataba wao, na hapo mawakili watakula vizuri miaka kadhaa.

Ninachokiogopa zaidi ni kingine, mashine mia za kampuni tofauti zilizofundishwa kwa data zile zile zikaamua kuuza dakika moja. Kila geti litaona oda yake ni ya kawaida na litaipitisha. Vizuizi vya dalali mmoja havioni hilo, itabidi soko lenyewe lisimame kwa dakika chache kama linavyofanya sasa bei ikishuka sana. Fundi wewe ungeweka wapi hicho kizuizi?

Fundi Seva:

Kwa soko, sio kwa dalali. Na ningehakikisha imeili zake mtu anazisoma.